Meno ya malcha kwa visiki vya ardhi ya mawe: kisu, kabaidi kali au kabaidi butu?

Muuza meno ya malcha akikupokea simu, swali lake la kwanza huwa ni aina ya miti. Ukimtajia mninga, mtundu au mkora, atakutolea jino "la miti migumu" na biashara imeisha. Kwa mikoa ya Tabora na Kigoma naona hapo ndipo watu wanapopotea. Ugumu wa mti haulisumbui jino kama ardhi inayoushika huo mti. Kisiki cha mninga kilichosimama kwenye mchanga mtupu wa Urambo kitasagika kwa jino lolote lenye makali. Kisiki cha ukubwa uleule ambacho mizizi yake imekumbatia mawe huko Buhigwe kinaweza kuharibu makali ya seti nzima kwa asubuhi moja.

Kwa asiyeijua mashine yenyewe: malcha ni ngoma ya chuma iliyozungushiwa meno. Hufungwa mbele ya bobkati (kile kitrekta kidogo cha kubebea vifaa kwa mbele), kwenye mkono wa kijiko au nyuma ya trekta, na kazi yake ni kusaga mti ukawa vipande. Jino la kisu ni chuma kitupu; la kabaidi limebandikwa kipande cha kabaidi ya tangsteni, kitu kigumu kuliko chuma. Chukua ngoma ambayo pamoja na meno ina kipenyo cha sentimita 50 na inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Ncha ya jino hapo inakwenda mita 52 kwa sekunde, sawa na kilomita 190 hivi kwa saa. Jiwe la ukubwa wa ngumi likikutana na mwendo huo, ama linapasuka, ama linaruka, ama jino ndilo linalopasuka.

Shamba la nini?

Swali hili linakuja kabla ya jino, na wengi hulikimbia. Mchikichi hupandwa kwa pembetatu ya mita 9, miche 143 hivi kwa hekta. Kati ya shimo na shimo kuna nafasi kubwa, kwa hiyo kisiki kikisagwa hadi usawa wa ardhi ili watu na toroli wapite, kinatosha. Hakuna sababu ya kukifuata chini. Matuta ya tumbaku yanayopigwa kwa jembe la mkono nayo huvumilia mizizi ya kiasi. Lakini ukitaka kuingiza trekta na plau kwa mahindi, unataka sentimita 20 hadi 30 za chini ziwe safi, na hapo ndipo jino linapoanza kula udongo na mawe badala ya mti.

Tofauti ya kusaga juu ya ardhi na kusaga chini ya ardhi ni kubwa kuliko tofauti ya jino na jino. Mtu anayelalamika kwamba meno yake hayadumu, mara nyingi amekuwa akilima nayo.

Kisha chukua mtaimbo. Uchomeke kuzunguka kisiki, sehemu nne au tano, hadi kina cha kiganja kilichonyooshwa. Ukizama kila mahali, una mchanga au mfinyanzi. Ukigonga na kuteleza pembeni, kuna kokoto au mawe yaliyolegea. Ukigonga na kurudi mkononi kwa mlio uleule kila unapochomeka, chini kuna mwamba au tabaka la moramu, lile gumu jekundu ambalo kwenye miteremko ya Unyamwezi hujificha chini ya udongo kidogo sana. Fanya hivyo kwa visiki vichache katika kila pembe ya shamba, maana shamba la ekari kumi haliwi na ardhi moja. Vichuguu navyo vichunguze. Kichuguu cha zamani mara nyingi kimefunika kisiki, na udongo wake uliokauka unasugua chuma vibaya.

Meno matatu yakiwekwa pamoja

| | Kisu | Kabaidi kali | Kabaidi butu |
|---|---|---|---|
| Linavyofanya kazi | Linakata | Linakata na kupasua | Linaponda |
| Vipande vinavyotoka | Vidogo, safi | Vya kati | Vikubwa, vyenye nyuzi |
| Nguvu inayotakiwa | Ndogo | Ya kati | Kubwa |
| Kwenye mchanga mtupu | Linapoteza makali haraka | Linadumu | Linadumu zaidi |
| Likigonga jiwe | Makali yanajikunja au kumeguka | Ncha inavunjika | Mara nyingi linapona |
| Kunoa | Kwa grinda, shambani | Kwa gurudumu la almasi, kwa uangalifu | Hutumiwa hadi liishe |

Jedwali linasema kweli lakini halisemi yote, kwa hiyo tuingie ndani kidogo.

Kisu ni jino la chuma kilichofuliwa na kukazwa kwa moto, na aina nyingi zina makali pande mbili, kwamba upande mmoja ukiisha unaligeuza. Ndilo jino zuri kuliko yote pale panapolifaa. Mashine ndogo isiyofika nguvu za farasi 100 ikiwa na visu vikali itaipita mashine kubwa yenye meno butu kwenye vichaka vya miombo, kwa sababu kukata kunahitaji nguvu kidogo kuliko kuponda. Dizeli inapungua, vipande vinatoka vidogo, na mchwa wa Tabora watavimaliza mapema kuliko unavyodhani. Likipoteza makali, kijana mwenye grinda na jenereta analinoa likiwa palepale kwenye ngoma.

Shida ya kisu ni kwatzi, yale madini ya kung'aa yaliyojaa kwenye mchanga wetu. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kwatzi iko kwenye 7, na chuma cha kawaida kiko chini ya hapo. Ndiyo maana hata bila jiwe moja kubwa, mchanga peke yake unatosha kula makali. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947 na baadaye kufika Urambo na Nachingwea ulikuja na mabuldoza na hata vifaru vya kivita vilivyogeuzwa matrekta. Mizizi na udongo wenye kwatzi vikatafuna vyuma hivyo, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Sababu za kufeli zilikuwa nyingi kuliko udongo, lakini aliyelima Kongwa hakuhitaji kuelezwa maana ya udongo unaokula chuma.

Kabaidi ya tangsteni iko karibu na 9 kwenye kipimo hichohicho, kwa hiyo kwatzi haiisumbui sana. Ni unga wa tangsteni na kaboni ulioshikanishwa kwa kobalti katika joto kubwa, na uzito wake ni karibu mara mbili ya chuma. Kipande chake huunganishwa na mwili wa jino wa chuma kwa madini ya fedha au shaba yaliyoyeyushwa. Ubaya wake ni kwamba ugumu na uvumilivu wa kipigo ni vitu viwili tofauti. Kabaidi inastahimili kusuguliwa mwaka mzima, halafu ikagongwa mara moja vibaya ikameguka kama kikombe cha udongo. Kobalti ikiongezwa inavumilia kipigo zaidi lakini inalainika kidogo. Kwa hiyo meno mawili yanayofanana kwa macho, yote yakiitwa kabaidi, yanaweza kuwa mbalimbali kabisa kazini. Muulize muuzaji kama kabaidi yake ni ya kusaga mti au ya kuvumilia kipigo. Asipoelewa swali, jibu umepata.

Kabaidi kali, yenye umbo la patasi au ncha, naiona kama jino la katikati linalowavutia watu kwa sababu linaahidi kila kitu: makali ya kisu na maisha ya kabaidi. Kwenye mchanga wenye kokoto ndogo ahadi inatimia. Urambo, Kaliua na sehemu kubwa ya Sikonge, kwa shamba lililopimwa kwa mtaimbo likaonekana halina mawe, ningelichagua bila kusita. Kwenye mawe ya ukubwa wa ngumi kwenda juu, ule wembamba wa ncha unaolifanya likate vizuri ndio unaolifanya livunjike. Na likishavunjika haliwi kisu wala nyundo. Linabaki chuma laini kinachosugua mti na kuchoma dizeli.

Kabaidi butu ndilo jino la ardhi ya mawe, nalo linastahili maneno mengi zaidi kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Lina vipande vinene vya kabaidi, viwili au zaidi, vilivyokaa mbele ya mwili mzito wa chuma bila ncha ya kujitokeza. Jiwe likija linakutana na uso mpana, kipigo kinasambaa, na chuma cha nyuma kinakibeba. Haliukati mti, linaupondaponda. Kisiki cha mkora kilichosagwa kwa jino hili kinaacha nyuzi ndefu na vipande vya ukubwa wa kiganja, na mwenye shamba aliyezoea kuona vumbi la mbao atasema kazi haijaisha. Mweleze mapema.

Jino hili linataka mashine yenye nguvu. Lifunge kwenye mashine dhaifu, ngoma itapoteza mwendo kila inapogusa kisiki, opereta atabaki kuinua na kusubiri, kuinua na kusubiri, na mwisho utasema jino ni baya. Halafu kuna opereta mwenyewe. Jino butu linavumilia mawe, na opereta akishajua hivyo anaanza kuyatafuta. Anashusha ngoma ardhini kwa nguvu, anasukuma, anaona cheche, anaendelea. Jino la malcha, hata liwe butu namna gani, si jino la mashine ya kuvunja mawe. Mashine hizo zipo, zina ngoma nzito zaidi na meno ya aina nyingine, na kampuni kama FAE ya Italia huziuza mbali na malcha zake. Kwa hiyo ukiona cheche kwa zaidi ya sekunde chache, inua.

Kuna pia nyundo zinazoning'inia kwenye pini, ambazo zikigonga jiwe zinarudi nyuma. Kwa vichaka, nyasi na vijiti kwenye mawe ni nzuri na rahisi kuzitunza. Kwa visiki hazifai, maana zinarudi nyuma hata zikigonga mti.

Kwa nini mahali pa shamba ni sehemu ya bei

Reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina zaidi ya kilomita 1,200. Jino likivunjika Manyovu siku ya Alhamisi, kilichobaki si bei ya jino tu. Kuna nauli ya mzigo, mashine iliyosimama, opereta anayelipwa akiwa chini ya mwembe, na lobedi, trela ya kubebea mashine, uliyoikodi kwa siku.

Kwa hiyo usilinganishe bei ya seti kwa seti. Linganisha bei kwa hekta. Chukua bei ya seti nzima pamoja na bolti, gawanya kwa hekta ambazo seti inamaliza kwenye ardhi kama yako, ongeza dizeli ya hekta moja, ongeza gharama ya saa ambazo mashine inasimama kwa kunoa au kubadilisha. Tuseme seti ya visu inagharimu nusu ya seti ya kabaidi butu. Kama visu vinaisha baada ya hekta 5 na kabaidi inafika 20, kabaidi inakugharimu nusu kwa kila hekta hata kabla hujahesabu kusimama. Geuza hesabu ile kwenye mchanga laini usio na jiwe, pale visu vinapofika hekta 15 kwa kunolewa, na visu vinashinda. Namba hizo ni za mfano tu. Zako utazipata kwa kuandika daftarini tangu siku ya kwanza: kisiki, ardhi, saa za injini, meno yaliyobadilishwa.

Fundi wa kuchomelea

Kila mji una fundi anayesema anaweza kulifufua jino lolote. Kwa kisu cha chuma au nyundo ya chuma, yuko sahihi nusu: fimbo za kuchomelea tabaka gumu zipo, na kisu kilicholiwa kinaweza kujengwa upya kwa kazi ya vichaka. Sharti ni kupima uzito baada ya kazi, na pacha wake wa upande wa pili wa ngoma awe na uzito uleule.

Kwa jino la kabaidi, mwambie aache. Ule muunganiko wa fedha unalegea kwenye nyuzi joto 600 au 700 hivi, na moto wa kuchomelea unapita hapo mara nyingi. Kipande kitashika vizuri pale karakana, kisha kitachomoka kikiwa kwenye mwendo wa kilomita 190 kwa saa. Kunoa kabaidi kunataka gurudumu la almasi, taratibu, bila kulipasha jino joto hadi libadilike rangi, na bila kulitumbukiza majini likiwa la moto, maana litapasuka. Vumbi lake lina kobalti na linadhuru mapafu. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakitoshi, tafuta barakoa ya kweli ya vumbi.

Jino moja likipotea

Hapa wengi husema, "Litasubiri hadi Jumamosi." Piga hesabu. Jino la kilo 1 likitoka kwenye ngoma hiyo ya sentimita 50 inayozunguka mara 2,000 kwa dakika, upande uliobaki unavuta kwa nguvu inayolingana na kubeba kilo 1,100 hivi, na mvuto huo unazunguka na ngoma mara 33 kila sekunde. Anayebeba ni beringi. Ukiona mashine inatetemeka kuliko asubuhi, zima, subiri ngoma isimame kabisa, kisha hesabu meno. Badilisha kwa jozi zinazotazamana, jino jipya likabiliane na jipya.

Kwa sababu hiyohiyo usichanganye aina kwenye ngoma moja ovyo, eti kabaidi butu pembeni na visu katikati. Baadhi ya watengenezaji huruhusu mpangilio kama huo kwa meno yao wenyewe yenye uzito unaolingana. Kama kitabu cha mashine yako hakisemi, chukulia kwamba imekatazwa.

Nikipewa shamba, nafanya hivi

Mchanga wa Urambo, Kaliua, Sikonge, mtaimbo unazama: visu kama mashine ni ndogo na fundi wa kunoa yuko karibu, kabaidi kali kama shamba ni kubwa. Kusaga kuishie juu ya ardhi kwa upana wa vidole viwili hivi, na visiki vya shamba la kulimwa mahindi kwa trekta ving'olewe.

Miinuko ya Uyui na Nzega yenye mawe ya matale, ambapo mawe yanaonekana kwa macho: kabaidi butu. Ila mawe hayo yanayoonekana yana faida moja, unayapita pembeni. Anayekuumiza ni yule aliyezikwa.

Kigoma ni habari nyingine. Milima inayoelekea ziwani ina mwamba wa kwatzi karibu mtupu, na Manyovu kuna mawe mekundu ya mchanga. Mwamba wa kwatzi unasugua kama mchanga na unapiga kama jiwe, yote mawili kwa pamoja. Hapo ni kabaidi butu yenye daraja la kuvumilia kipigo, na hata hiyo isishuke chini ya usawa wa ardhi. Kama unapanda michikichi hutapoteza kitu.

Na pale mtaimbo unapolia kila mahali, usinunue jino lolote. Leta kijiko chenye ndoo ya meno, ng'oa kisiki, kipige chini mawe na udongo vidondoke, kiache kikauke, kisha kisage kikiwa juu ya ardhi safi au kichomwe mkaa kwa kibali. Kwa ekari mbili tatu, vijana wenye sululu na shoka watakuwa wamemaliza wakati wewe bado unasubiri lobedi.

Kumbuka kwamba kisiki cha miombo kilichosagwa juu tu huchipua tena mvua zikianza. Si kosa la jino. Rudi baada ya mwaka na panga. Vipande vibichi usivichanganye na udongo kabla ya kupanda mahindi, kwa kuwa vikioza vinachukua naitrojeni na mahindi yatageuka njano. Viache juu.

Kuhusu umbali: vitabu vingi vya malcha vinataka watu wakae mita 90 au zaidi kutoka kwenye mashine. Kwenye ardhi ya mawe na jino butu, usipunguze hata mita moja, na usiielekeze ngoma upande wa barabara au nyumba. Watoto wa kijijini watakuja kutazama, hilo ni hakika, kwa hiyo mtu mmoja awe na kazi ya kuwazuia na asipewe nyingine. Kibali cha kufyeka nacho kianze kwa ofisa misitu wa wilaya kabla mashine haijapakiwa, hasa kama kuna mninga uliosimama.

Unapoagiza, taja modeli ya ngoma na namba ya kishikio cha jino, maana jino la kampuni moja halikai kwenye kishikio cha nyingine hata matundu yakifanana. Agiza bolti na nati mpya sawa na idadi ya meno, kwani bolti iliyokwisha kukazwa na kugongwa mawe haifai kurudi kazini, na vishikio viwili au vitatu vya akiba kwa sababu jiwe likilikosa jino hukipata kishikio. Azima spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Meno mapya yakaze tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, kisha kila asubuhi kabla ya kuwasha injini.